Tupeane uzoefu: pikapu mpya za dizeli na teknolojia zake

Mwanzisha mada, Njombe

Wakuu, heshima kwenu. Nimeendesha pikapu za dizeli kwa muda mrefu katika kazi ya kukusanya viazi na maparachichi vijijini, na sasa kwa mara ya kwanza ninayo mpya kabisa, dabo kabini, iliyojaa kamera, rada na sensa kila kona. Naomba wenye magari ya aina hii tupeane uzoefu, ila tusitaje kampuni. Tuzungumzie kifaa chenyewe na namna kinavyofanya kazi katika mazingira yetu.

Kero yangu ni ule mfumo wa kuzuia gari lisitoke kwenye njia yake. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele husoma mistari iliyochorwa barabarani, na gari likikanyaga mstari bila kuwasha indiketa, usukani hujirudisha wenyewe. Kwenye barabara kuu ya Makambako kwenda Iringa, pale ambapo lami imedidimizwa na uzito wa malori, hulazimika kuukanyaga mstari ili nikwepe mfereji wa matairi, na hapo ndipo usukani unaponivuta kunirudisha kule kule ninakokukimbia. Nimeuzima kwenye skrini, lakini kila nikiwasha gari nao unawaka upya. Rada ya breki ya dharura, iliyo kwenye grili, ikipakwa tope la masika hulalamika kwamba haioni. Hilo silihesabu kuwa ubovu, nashuka naifuta kwa kitambaa.

Mchangiaji wa Tegeta, Dar es Salaam

Ndugu yangu, yako ni kero, yangu ni gharama. Pikapu yangu ina chujio la masizi kwenye bomba la ekzosi. Likikaribia kujaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli ili joto lipande hadi kwenye nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji gari litembee kwa mwendo wa barabara kuu, bila kusimama-simama, kwa robo saa au zaidi, nami kila siku niko kwenye foleni ya kwenda Posta, na nikifika nazima injini kabla uchomaji haujakamilika. Muuzaji alinieleza kwa kirefu habari za viti vya ngozi na skrini. Kuhusu chujio hakusema neno, nadhani kwa sababu hata yeye hakuwa analijua.

Dalili za uchomaji nimezizoea: gari likiwa limesimama injini huzunguka haraka kuliko kawaida, feni huendelea kuunguruma hata baada ya kuzima, na harufu ya kuungua husikika upande wa nyuma. Mkiona hayo msizime, zungukeni kwanza. Kilichonitisha zaidi ni kijiti cha oili. Badala ya oili kupungua, nilikuta imepanda kupita alama ya juu na inanuka dizeli, kwa kuwa dizeli isiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni na kushukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Fundi mmoja wa mtaani alishauri tulikate chujio tuache bomba tupu. Nilikataa, maana kuna sensa inayopima tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya chujio, kwa hiyo ukilitoa ni lazima na kompyuta idanganywe, na hapo waranti ndiyo basi tena. Siku hizi nikipata nafasi wikendi naipeleka Chalinze na kurudi, na oili ninayoweka ni ile tu yenye majivu machache, ili isilizibe chujio. Wengi husingizia dizeli yetu, lakini mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki cha salfa kwenye dizeli kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, si kama zamani. Kwangu mimi mchawi ni foleni.

Mchangiaji wa Eldoret

Yangu niliiagiza kutoka Uingereza ikiwa bado changa, na huko dizeli nyingi za kisasa hutumia maji ya urea yanayopuliziwa kwenye moshi ili kupunguza gesi chafu. Tangi lake likikaribia kuisha, dashibodi huanza kuhesabu kilomita zilizobaki, na zikifika sifuri, ukishazima injini haiwaki tena. Jirani yangu mkulima alipendekeza tuyeyushe mbolea ya urea kwenye maji, kwa hesabu kwamba urea ni urea. Mekanika alitukataza kabisa: maji hayo yanatakiwa kuwa na urea safi ya asilimia 32.5, na uchafu wa mbolea huganda na kuziba nozeli. Tangu hapo dumu la akiba halitoki nyuma ya kiti.

Mchangiaji wa Lushoto

Mimi nasimama upande wa pili. Kwenye miteremko ya udongo uliolowa huku kwetu nabonyeza swichi ya kushukia mlima, naondoa mguu, na gari hujishikia breki, kila gurudumu kivyake. Nisichopenda ni kiyoyozi kufichwa ndani ya skrini, kwa sababu kwenye makorongo kidole hakitulii.

Mchangiaji wa Dodoma

Tahadhari kwa wanaofunga keria na vyuma vya turubai. Pikapu ya shemeji yangu ilichomelewa vyuma betri ikiwa haijafunguliwa, umeme wa mashine ukapita kwenye kompyuta ya breki, na sasa dashibodi imejaa taa. Je, kuna aliyewahi kununua kompyuta ya namna hiyo iliyotumika ikakubali?

Mchangiaji wa Tegeta, Dar es Salaam

Mkuu, iliyotumika mara nyingi huwa imehifadhi namba ya chesisi ya gari ilikotoka, hivyo msilipie kabla fundi mwenye mashine ya kuiandika upya hajaithibitisha. Na vyuma vilivyobaki vifungwe kwa bolti.