Mjadala: Asiyesoma Kimongolia aitwe mwanahistoria wa Wamongolia?

Dira: Kijana anataka kubobea katika dola ya Chinggis Khan na wanawe, karne ya 13. Aanze na lugha gani? Mimi nasema Kiajemi. Juvayni, mwanahistoria aliyewatumikia Wamongolia, kaandika Kiajemi; Rashid al-Din, waziri wao kule Iran, vilevile. Hata barua ya Güyük Khan, mjukuu wa Chinggis, kwa Papa Innocent IV, ya 1246, ni ya Kiajemi. Kituruki kiko mistari ya mwanzo, Kimongolia kiko kwenye mhuri. Na wenzetu wa pwani, msidhani Kiarabu cha madrasa kitawavusha.

Mjukuu wa Pate: Hapo pa madrasa umekosea adabu, ndugu. Mwanahistoria Ibn al-Athir, aliyefariki 1233 huku Wamongolia wakiendelea kusonga, aliandika kwa lugha gani? Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, akaja kufika kwa Khan Uzbek, mtawala wa Wamongolia wa Volga. Safari yake imeandikwa kwa lugha gani? Aliyehitimu nahau anawasoma wote wawili. Baghdad ilipoanguka 1256 wapo walioomboleza kwa Kiarabu.

Dira: Anasoma kilichopigwa chapa, kikawekwa nukta zote. Mpe muswada. Jina Batu, la mjukuu mwingine wa Chinggis, ni bee, alifu, tee, wau. Mnakili akiacha nukta, kile kijino cha herufi ya tatu kinaweza kuwa tee, nuni, yee au bee. Umepata Batu, Banu, Bayu na Babu. Tena katika miswada ya Kiajemi ya wakati ule sauti ya g huandikwa kwa kafu, na ch mara nyingi kwa jimu. Aliyezoea msahafu wenye irabu anakwama mstari wa kwanza.

Mjukuu wa Pate: Hayo ndiyo maradhi ya tenzi zetu! Kwenye miswada mingi ya zamani p na b herufi moja, e na i wote kasra, o na u wote dhuma. Anayesoma tenzi katika hati ya Kiarabu kazi hiyo anayo mkononi: anapima maana, anahesabu mizani, anafungua nakala ya pili. Huyo ndiye unayemwambia hatavuka?

Ngano: Dira amesema kweli kwa ulimi mkali. Utenzi una vina vya kukushika mkono, nathari haina. Jina likiwa na shaka, nenda Kichina. Yuanshi, ile historia ya Yuan, nasaba ya Wamongolia waliotawala China, humwandika Batu kwa herufi mbili, ba na du. Hapo nuni, yee na bee zimeanguka, imebaki tee. Na Mjukuu, Baghdad ilianguka 1258, si 1256. Umechanganywa na 656 ya hijria. Zidisha 656 kwa 0.97, ongeza 622: unapata 1258 na kitu. Mwaka wa hijria una siku 354 au 355, ndiyo maana huwezi kujumlisha tu. Ukitaka mwezi, tumia jedwali la kulinganisha tarehe.

Bi Salme: Jamani, swali lilikuwa Kimongolia. Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu chao wenyewe juu ya Chinggis, imetufikia kwa herufi za Kichina zinazonakili sauti za Kimongolia, maana ya kila neno ikiwa pembeni. Sehemu 282. Mwishoni imetajwa mwaka wa panya, na panya hurudi kila miaka 12, kwa hiyo wataalamu wanavutana kati ya 1228, 1240 na 1252. Mwenye Kiajemi peke yake hapo anamtegemea mfasiri wake, Igor de Rachewiltz, neno kwa neno, hana la kumbishia.

Dira: Dada, David Morgan, mwanahistoria wa Wamongolia, alijenga jina lake juu ya vyanzo vya Kiajemi.

Bi Salme: Na mwanahistoria mwenzake Thomas Allsen akaweka Kiajemi na Kichina meza moja, ndipo tukaona wapishi, matabibu na wanajimu wakihama kati ya Iran na China. Lugha moja haikuonyeshi hilo.

Ngano: Tusimpoteze kijana. Nafasi nyingi za kazi hutangazwa kama historia ya Uislamu au ya China, Wamongolia wakiwa ndani yake. Achague mlango kwanza: Kiarabu na Kiajemi, au Kichina. Kimongolia cha kale kifuate, na Kirusi cha kusomea ripoti za wachimbaji wa mabaki ya miji ya Wamongolia kwenye mto Volga, Urusi.

Mjukuu wa Pate: 1258, nimekubali. Dira, la madrasa bado hujalifuta.