Leseni ya mfumo endeshi kwa kompyuta ya nyumbani: tununue ipi?

Mzazi_wa_Watatu

Wakuu, habari za saa hizi. Nimemaliza kuunga kompyuta ya nyumbani kipande kwa kipande, imewaka vizuri, lakini haina mfumo endeshi. Watoto wataitumia kwa masomo, mimi kwa hesabu za kazi yangu. Nataka kila kitu kiwe halali, maana humo ndimo nitakamofungulia akaunti ya benki na ndimo zitakamokaa picha zetu zote.

Ninapima njia nne: leseni kamili ya Windows kutoka Microsoft au kwa muuzaji anayetambulika, leseni ya OEM (inayofungwa na mashine moja) ambayo ni nafuu kidogo, zile namba zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, au niachane na Windows niweke Linux. Pia nina laptopu ya zamani yenye Windows 10. Leseni yake naweza kuihamishia kwenye hii mpya?

Fundi_Bodi

Mkuu, anza na hiyo laptopu kabla hujatoa hata senti. Fungua Command Prompt, andika `slmgr /dli`, bonyeza Enter. Kitatokea kidirisha chenye mstari wa maelezo unaoishia na neno "channel". Angalia kilichoandikwa kabla yake.

Ukiona OEM_DM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani. Namba yake imehifadhiwa ndani ya BIOS (programu ndogo ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) na haihami. Ubao mama ukifa, leseni imekwenda nao. Ukiona RETAIL, yaani leseni kamili, hiyo kwa kawaida unaruhusiwa kuihamisha, mradi ikae kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Unaiondoa kwenye ya zamani kwa `slmgr /upk` ukiwa umefungua kama msimamizi, halafu unaingiza namba yako kwenye mpya. Ukiona VOLUME, jiulize laptopu hiyo ilitoka wapi, kwa sababu leseni za namna hiyo hupewa mashirika, shule na ofisi, si mtu wa nyumbani.

Na kama chini yake kuna kibandiko cha Windows 7 au 8, usikitegemee. Kwa miaka mingi namba hizo ziliweza kuamilisha (kuithibitisha kwa Microsoft) Windows 10, ila Microsoft ilifunga njia hiyo Septemba 2023.

Nafuu_Kwanza

Mimi nasema nunua hizo za bei ya chini. Nimeweka kwenye kompyuta ya mdogo wangu, imekubali papo hapo, masasisho yanaingia kama kawaida, na ukienda kwenye Mipangilio inasema Windows imeamilishwa. Sasa nilipe mara kumi kwa kitu kilekile kwa nini?

Mwanasheria_Mtaani

Ndugu yangu, naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Namba kukubali na wewe kuwa na leseni ni mambo mawili tofauti. Zile herufi na tarakimu 25 ni njia ya kuamilisha tu. Leseni yenyewe ni haki uliyopewa na mwenye programu ya kuitumia kwa masharti fulani, na haki hiyo hupokelewa kutoka kwa mtu aliyeruhusiwa kuitoa.

Namba za bei ya kutupa zina asili nyingi. Zipo zilizochotwa kwenye mikataba ya makampuni, ambako namba moja, wanayoiita MAK, inaruhusiwa kuamilisha idadi fulani ya mashine. Muuzaji anaigawa kwa wanunuzi wengi mpaka idadi inakwisha. Zipo zilizonunuliwa kwa kadi za benki za wizi. Zipo za programu za wanafunzi au za majaribio, ambazo hazikutolewa ziuzwe. Wewe mnunuzi huwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama, na Microsoft ikigundua inaweza kuizuia namba wakati wowote. Hapo utamdai nani?

Wauzaji hawa hupenda kuitaja hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 3 Julai 2012, kesi ya UsedSoft, muuzaji wa leseni zilizokwisha kutumika, na Oracle, kampuni ya programu. Hukumu hiyo ipo, na ni nzuri kwa wanunuzi: ilisema leseni ya programu iliyouzwa bila kikomo cha muda inaweza kuuzwa tena, hata kama programu ilipakuliwa mtandaoni. Lakini isomeni yote. Mahakama ilisema pia kwamba mwenye leseni wa kwanza lazima aifanye nakala yake isitumike tena, na kwamba leseni iliyonunuliwa kwa watumiaji wengi haiwezi kukatwa vipande na kuuzwa kipande kipande. Muuzaji anayekutumia namba tu kwa baruapepe, bila karatasi inayoonyesha ilikotoka, hajakuonyesha kwamba ametimiza lolote kati ya hayo. Tena hukumu hiyo inatawala nchi za Umoja wa Ulaya, siyo dunia nzima.

Nafuu_Kwanza

Mwanasheria, hapo nimekuelewa. Ila bado bei ya leseni kamili ni mzigo kwa familia nyingi.

Dada_Penguini

Ndiyo maana Linux isiwekwe mwisho wa orodha kama kitu cha kuonewa huruma! Linus Torvalds aliitoa kiini chake mwaka 1991, na leo kiko chini ya leseni ya GPL, inayokupa haki ya kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kumgawia jirani. Hakuna anayeweza kukugongea mlango. Kwa familia inayotaka uhalali bila gharama, huo ndio uhalali ulionyooka kuliko wote.

Kwa mtu anayetoka Windows napendekeza Linux Mint, mpangilio wake hautamchanganya mtoto. Ubuntu nayo ni nzuri. Chukua toleo la LTS (la huduma ya muda mrefu), linatoka kila baada ya miaka miwili na linahudumiwa miaka mitano. Huna haja ya kusakinisha ili ujaribu: iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, uone kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inachapa. Ukimaliza, diski yako iko vilevile. Kwa maandishi na hesabu kuna LibreOffice.

Pakua kwenye tovuti yenyewe na uhakiki faili kwa alama yake ya SHA256, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa. Nasisitiza kwa sababu Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, na kwa muda mfupi kiungo cha kupakulia kikapeleka watu kwenye nakala yenye mlango wa siri. Waliolinganisha alama na chanzo cha kuaminika waliweza kuigundua.

Mwalimu_wa_Jioni

Dada, nakubaliana nawe karibu kwa yote, ila shule nyingine hudai programu ya mitihani inayofanya kazi kwenye Windows au macOS pekee, na programu za uhasibu pia zina tabia hiyo. Mzazi, andika kwanza orodha ya programu msizoweza kuzikwepa. Ikiwa zote zinapatikana kwenye kivinjari, basi Linux inawatosha kabisa.

macOS usiifikirie kwa kompyuta hii. Masharti ya Apple yanairuhusu kwenye mashine za Apple tu.

Fundi_Bodi

Kama itabidi Windows, chukua Home. Pro inakuongezea BitLocker kamili, kuifikia kompyuta yako kwa mbali kupitia Remote Desktop, Hyper-V (ya kuendesha kompyuta pepe) na sera za kikundi (za kudhibiti mipangilio). Nyumbani wengi hawavigusi, na siku ukivihitaji unaweza kulipia kupanda kutoka Home kwenda Pro bila kusakinisha upya.

Kuhusu OEM na ile kamili: kwa mashine uliyoiunga mwenyewe, mimi ningelipia leseni kamili. Mtu anayeunga kompyuta hubadilisha vipande, na siku moja ubao mama utabadilika. Mwenye OEM siku hiyo ananunua leseni nyingine. Mwenye leseni kamili anahama nayo. Ukigawanya bei kwa miaka utakayoitumia, ule unafuu wa OEM unayeyuka.

Faili la kusakinishia lipakue Microsoft penyewe, halilipiwi. Muuzaji akikupa kiungo chake cha kupakulia, mkimbie. Na zile programu za kuamilisha kwa kraki zisahau kabisa: zinakutaka uzime kinga ya virusi kisha uzipe mamlaka ya msimamizi, na wewe umesema humo ndimo utakamofungulia benki.

Mzazi_wa_Watatu

Asanteni sana wote. Laptopu imeonyesha OEM_DM, kwa hiyo leseni yake haihami. Nimejaribu kuipandisha iende Windows 11, imekataa, prosesa ni ya kizazi cha sita cha Intel.

Orodha ya programu nimeandika. Ya watoto yote ni ya kivinjari isipokuwa ile ya mitihani, na hesabu zangu zinataka Windows. Naona nitalipia Windows 11 Home kamili kwa hii mpya, na laptopu niiwekee Mint. Kuna kitu nimekiruka?

Dada_Penguini

Laptopu umeiamulia vyema. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kuiacha kwenye intaneti bila viraka vya usalama si jambo la kufanyia mzaha, hasa mikononi mwa watoto. Nakili picha zote kwanza kwenye diski ya nje kabla hujagusa chochote.

Fundi_Bodi

Mambo matatu. Kwanza, kabla ya kulipa, hakikisha kwenye BIOS kwamba TPM 2.0 (kifaa cha kutunza funguo za usalama) na Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka) vimewashwa. Ubao unaouzwa peke yake mara nyingine huja navyo vikiwa vimezimwa, na Windows 11 inaweza kukukatalia ukadhani kifaa ni kibovu. Pili, unaposakinisha unaweza kuchagua "sina ufunguo wa bidhaa" (ndiyo ile namba ya kuamilisha) ukaendelea, ukakagua kwamba kila kipande kinafanya kazi, ndipo ununue na kuamilisha. Usibaki hapo tu, masharti yanataka iamilishwe.

Tatu, iunganishe leseni na akaunti yako ya Microsoft mara tu ikishaamilika. Ukibadilisha ubao mama baadaye, utafungua kitatuzi cha uamilishaji kwenye Mipangilio, uchague kwamba umebadilisha kifaa, nayo itakuonyesha leseni iliyo chini ya akaunti yako.

Mwanasheria_Mtaani

Na risiti, mkuu. Iweke pamoja na namba yenyewe, nakala moja nje ya kompyuta hiyo. Uamilishaji ukikwama na ukalazimika kuongea na huduma kwa wateja, hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulinunua, ulinunua kwa nani na lini.