Kwa nini lazima awe mtu yule yule kila siku wodini?

KitindaMimba aliuliza:
Habarini ndugu zangu. Mama yetu amevunjika nyonga, juzi kafanyiwa upasuaji. Kwa ajili ya korona wodini wanaruhusu mtu mmoja tu wa kumtazama, tena awe yule yule. Watoto tuko wanne na kila mmoja anataka kumwona. Hakuna mwenye homa wala kikohozi, sote tumechanjwa. Mlangoni wamenivua glavu nilizojinunulia, wakaniambia ninawe mikono basi. Hii ni kinga kweli au ni usumbufu? Mama hasikii vizuri, na ikifika jioni anachanganyikiwa, anaita watu waliokwisha kufa. Naumia sana.

NesiWaMifupa alijibu:
Pole sana, Mungu amjalie mama nafuu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa.

Kukosa homa hakututoshi. Mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajaona dalili, na wapo wasioziona kabisa. Chanjo inakukinga usizidiwe, lakini bado unaweza kubeba kirusi ukampelekea mwingine. Mkipokezana wanne, mama anakutana na nyumba nne, pamoja na kila mliyeketi naye kazini na kwenye gari. Na hayuko peke yake mle. Kitanda cha pili huenda kuna mzee wa kisukari, cha tatu mtu anayetumia dawa za saratani. Akija yule yule, mlango wa ugonjwa ni mmoja, na likitokea la kutokea tunajua nani alikuwa karibu na nani.

Glavu ukizivaa utashika kitasa, simu, reli ya kitanda, halafu mkono wa mama, na hutakumbuka kunawa kwa sababu unajiona umekingwa. Sisi tunazivaa tunapogusa damu, kidonda au uchafu, kisha tunazitupa na kunawa. Dawa ya spiriti isugue sekunde 20 hadi 30. Sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Tangu mwaka 1847, daktari Semmelweis alipowaamuru madaktari wa hospitali ya uzazi ya Vienna wanawe kwa maji ya klorini na vifo vya akina mama waliojifungua vikashuka, bado mikono ndiyo tunayoigombania!

Kwa kuwa mama hasikii, utatamani kushusha barakoa ili akuelewe. Tafadhali usishushe. Kaa upande wa sikio lenye nafuu, mwandikie kwa herufi kubwa, na omba dirisha lifunguliwe, maana kirusi hiki huelea katika hewa iliyotuama.

Hilo la jioni usiliite uzee. Mwambie muuguzi wa zamu leo hii. Huwapata sana wazee baada ya upasuaji, na sauti anayoijua, miwani yake, kukumbushwa yuko wapi na leo ni siku gani, vyote ni matibabu. Ndiyo maana napinga kabisa kufungia jamaa wote nje. Hata Shirika la Afya Duniani lilisisitiza mama anayejifungua awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, hata kama ana korona.

MtotoWaMzee alijibu:
Baba alilazwa 2020, hakuruhusiwa mtu yeyote. Tulichagua mmoja wetu awe ndiye anayepiga simu wodini, kisha anatupa sisi habari. Manesi walipata nafasi ya kufanya kazi. Msichague kwa kufuata nani mkubwa, chagueni anayekutana na watu wachache.

KitindaMimba aliandika:
Asanteni. Shida ni kaka mkubwa, ndiye anayetaka kwenda, na ni dereva wa abiria. Mimi kazi zangu nazifanyia nyumbani. Na nikianza kukohoa je?

NesiWaMifupa alijibu:
Kaka apewe saa ya jioni kwa simu ya video, wewe ukiwa umemshikia mama simu. Hapo ndipo mama anapomhitaji zaidi, mwambie hivyo hivyo. Ukikohoa usije, hata kipimo cha haraka kikisema huna. Siku za mwanzo hukosea sana. Mpe sista wa wodi jina la mbadala sasa hivi, na asiwe mtu unayeishi naye. Kama mama ana kifaa cha kusikia na kimebaki nyumbani, kesho nenda nacho.