Vidude vya mviringo ziwani Luchelele (Ziwa Victoria, Mwanza): ni yavuyavu, na ndio wanaowasha?

Mkazi_Luchelele
Wakuu, ghuba ikitulia huku kunaonekana vidude vya mviringo vinavyopitisha mwanga kama kioo, upana wa kifungo cha koti. Vinajikunja na kujikunjua, vinapanda. Watoto wakitoka kuoga wanawashwa, vipele vyekundu miguuni mpaka mapajani. Ni aina gani? Ametoka baharini au ni wa humu humu?

Plankton_Mza
Ni yavuyavu wa maji baridi, Limnocnida victoriae, na ni wa humu humu. Ndugu yake wa Tanganyika ni Limnocnida tanganjicae. Wa baharini hawezi kuishi hapa: maji yasiyo na chumvi yanaingia mwilini mwake mpaka seli zinavimba na kupasuka.

Kumhakikisha, mchote kwa kikombe cha kioo, usitumie wavu maana unamchana. Weka kitambaa cheusi nyuma, mulika tochi kwa pembeni. Utaona sahani bapa ya takriban sentimita 2, mikono mingi myembamba isiyolingana urefu, na mdomo mpana mno katikati. Alama ya uhakika ni viungo vya uzazi: kwa Limnocnida viko kwenye ukuta wa tumbo, kuzunguka mdomo. Yule mwingine wa maji baridi, Craspedacusta, vyake vinaning'inia kwenye mifereji inayotoka tumboni kwenda ukingoni. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha.

Ana vishale vya sumu kweli, ila ni vya kunasa wadudu wadogo wa majini. Havisumbui ngozi ya mtu. Msimsingizie.

Nesi_wa_Ziwa
Naunga mkono, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Muwasho unaoanza ndani ya saa chache baada ya kuoga, vipele sehemu zilizozama tu, ziwa hili: fikirieni lava (vijiminyoo vichanga) wa kichocho kwanza. Wapo pia lava wa kichocho cha ndege, wanaowasha halafu wanafia kwenye ngozi, lakini kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Kagueni magugu ya ukingoni. Konokono wa kichocho cha tumbo, Biomphalaria, ana gamba bapa lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa chini. Lava wanatoka kwake kwa wingi jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, na hawazidi saa 48 wakiwa hai. Kwa hiyo maji ya kuogea yachotwe bila konokono, yafunikwe siku 2 nzima, au yachemshwe.

Mkazi_Luchelele
Asante sana. Waliooga Jumamosi niwape prazikwanteli, dawa ya kichocho, leo?

Nesi_wa_Ziwa
Hapana, mkuu. Inaua minyoo iliyokomaa. Michanga inaponea, halafu mzazi anadhani mtoto amepona. Choo kipimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuoga, kabla ya hapo mayai hayaonekani. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 30 vidonge 2 vya miligramu 600, ale kwanza, na apimwe uzito kituoni, msikadirie. Homa, kikohozi au tumbo kuuma kukianza kati ya wiki ya 2 na ya 8, mpelekeni siku hiyo hiyo na mtaje kuwa alioga ziwani.

Pwani_Tanga
Kwa wanaosafiri kuja huku baharini: wa kuogopwa ni yule wa bluu mwenye kibofu kinachoelea. Akikuchoma, toa nyuzi zake kwa kibanio, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, kisha loweka kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 45 kwa dakika 20.