Chanjo ya kichaa cha mbwa: alipe mwenye mbwa au tulipe wote?

Mtu wa Gungu
Wadau, habari za jioni. Jumapili tulikuwa na mkutano wa mtaa hapa kwetu Gungu, Kigoma. Ajenda ya kwanza taka, ya pili mbwa. Ya taka iliisha upesi. Ya mbwa mwenyekiti aliondoka kwenda kuswali alasiri, akarudi akatukuta palepale.

Pendekezo lililoletwa: kila mwenye mbwa alipe elfu kumi, mbwa achanjwe na apewe kadi. Mwezi ukiisha, mbwa yeyote atakayeonekana barabarani bila kamba shingoni apigwe risasi. Wengi walinyoosha mikono. Mimi sikunyoosha, nikaambiwa najifanya mzungu.

Hoja yangu ni hii. Anayedaiwa pesa ni mwenye mbwa, lakini anayeng'atwa ni mtoto wa mtu mwingine anayetoka madrasa. Ukiweka elfu kumi, atakayelipa ni mwenye geti, ambaye mbwa wake hata hatoki nje. Yule anayeshinda jalalani hatalipiwa na mtu, na ndiye tunayemwogopa. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupitia. Mtaani kwetu tulihesabu kama 40, kwa hiyo tunahitaji 28. Kwa elfu kumi sijui kama tutafika kumi. Nataka chanjo iwe bure na ije mtaani, ilipwe na halmashauri, yaani na sisi sote.

Karibuni. Wenye matusi wataje na mtaa wao.

Mwalo wa Kibirizi
Mkuu, wewe huaniki dagaa. Sisi usiku hao mbwa wanapanda vichanjani, wanakula na kukojoa. Wa risasi waje hata kesho. Na kwa taarifa yako, siku za giza sisi tuko ziwani na mbwa wanashiba hapa. Siku za mbalamwezi hatuvui, mwalo unakauka, ndipo wanapanda huko kwenu Gungu. Mnaowaita mbwa wa mtaa wenu ni wa kwetu.

Bwana Mifugo Mstaafu
Kijana wa mwaloni, kazi hiyo ya risasi nimeifanya, ngoja nikusimulie. Mbwa anayepigwa wa kwanza ni yule anayekuja ukimwita. Na anayekuja ukimwita ni yule aliyezoea watu, ambaye mwaka jana alishikwa akachomwa sindano. Mwenye wasiwasi anasikia mlio mmoja tu, anaingia korongoni. Mwisho wa siku umeua waliokuwa na kinga, umewaacha wasio nayo. Nafasi iliyobaki inajazwa na vitoto vinavyoletwa kwenye kikapu kutoka Mwandiga, havijawahi kuona sindano. Huko Indonesia, kisiwa cha Flores, kichaa kiliingia mwaka 1997, wakaua mbwa maelfu kwa maelfu. Ugonjwa ulibaki.

Sumu ndiyo kabisa. Kuku wanakufa, paka wanakufa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yao.

Sasa kuhusu pesa. Siku ya chanjo tulikuwa tunakaa chini ya mwembe, dozi ziko ndani ya deli lenye barafu kama la muuza aiskrimu, maana chanjo inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Watu wazima hawaji. Wanaokuja ni watoto. Namkumbuka mmoja, sidhani kama alifika miaka tisa, alileta mbwa wake kwenye toroli la kubebea maji. Kamfunga kwa waya wa simu, kamfunika macho kwa shati lake la shule, yeye kifua wazi. Nikamuuliza mbwa ni wa nani. "Wangu." Baba anajua? Kimya. Sasa huyo mwambie elfu kumi. Atageuza toroli arudi nyumbani, na mbwa asiye na kinga atalala mlango mmoja na watoto sita.

Mwenye Geti
Heshima yako mzee, ila hapa mnatuonea. Mimi mbwa wangu wawili nawalipia kila mwaka: kichaa, homa ya mbwa, parvo ile ya kuharisha damu, dawa ya minyoo, kupe. Hakuna aliyenichangia. Leo jirani ambaye hata mabaki hampi mbwa wake apate bure? Mkizoesha watu bure, hakuna atakayemtunza mnyama. Kama huwezi kumlipia, usifuge.

Mtu wa Gungu
Kaka, hapo tutenganishe. Parvo inaua mbwa wako, haimuui mtoto wa jirani. Hiyo lipa mwenyewe, na kupe lipa mwenyewe. Kichaa ni kitu kingine, dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa ya kumrudisha. Hatumfadhili jirani yako mvivu, tunajikinga na mbwa wake. Na "usifuge" ni neno tu, ameshafuga tayari.

Mwalimu Mwanga
Mpaka wako una tundu, mkuu. Minyoo ya mbwa na paka mayai yake yako kwenye kinyesi, watoto wetu wanacheza udongoni na kuweka vidole mdomoni. Hiyo nayo utasema ni ya jirani tu? Tukianza "kinachomgusa mtoto kiwe bure", tutafika wapi?

Mtu wa Gungu
Hilo umenipata, mwalimu. Nakubali mpaka wangu haujanyooka. Ila kama pesa ya halmashauri inatosha kitu kimoja, naanza na kile kinachoua bila kukosea.

Muuguzi
Niseme la kazini, jina la hospitali haliwahusu. Wanaoletwa kwangu wengi ni watoto. Wanafika siku ya tatu, wameshawekewa jiwe la nyoka au pilipili kwenye kidonda. Jamani, ukiumwa na mbwa au paka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, hata kama hakuna damu nyingi, halafu uje siku hiyohiyo. Sindano za binadamu si moja, ni mfululizo wa siku kadhaa, na nimeona mama akiuza mbuzi ili amalizie. Sindano ya mbwa ni moja kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe.

Jingine, msidhani kichaa ni mbwa anayekimbiza watu tu. Kuna anayetulia, taya limeanguka, udenda unamwagika, hawezi kumeza. Watu wanadhani kakwamwa na mfupa. Baba mmoja alimwingiza mkono mpaka kooni akiutafuta.

Mwalo wa Kibirizi
Dada, huyo baba alipona?

Muuguzi
Aliwahi sindano. Yuko hai, anauza maandazi.

Binti Ujiji
Nina swali, si ugomvi. Kwetu mbwa haingii ndani. Mate yake ni najisi, chombo akilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mitaa yetu mingi iko hivyo. Ushuru wangu wa genge kwa nini umchanje mbwa ambaye mimi simgusi?

Mtu wa Gungu
Bibie, nikujibu kwa Pemba. Kule Waislamu ndio wengi na mbwa wenyewe ni wachache. Walichanja kuanzia 2010, kufikia 2014 kichaa kikawa kimekatika. Hakuna aliyelazimishwa kumpapasa mbwa. Walitaka tu watoto wao wasife.

Binti Ujiji
Pemba ni kisiwa, bahari imewazunguka. Sisi huku tumepakana na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kila boti inaweza kuja na mbwa.

Bwana Mifugo Mstaafu
Bibie yuko sahihi, na hata Pemba kilirudi 2016, wakachanja tena mpaka kikaisha 2018. Ndiyo maana si kazi ya mara moja. Mbwa wetu hawaishi sana. Mwaka ukipita, wengi mtaani ni vitoto vilivyozaliwa baada ya sindano.

Binti Ujiji
Sawa mzee. Basi ushuru wangu uingie, lakini nione karatasi: dozi ngapi zilinunuliwa, mbwa wangapi walichomwa. Na paka? Nina watatu, wa panya.

Bwana Mifugo Mstaafu
Walete. Paka anaupata kwa mbwa na anaweza kumpa mtu, lakini wao kwa wao hawauendelezi. Mbwa wakichanjwa, kwa paka unakatika wenyewe.

Mwenye Geti
Mimi bado nasema achangie hata elfu moja.

Mtu wa Gungu
Yule mtoto wa toroli hana elfu moja.

Mwalo wa Kibirizi
Haya, tuseme bure. Hawa wa mwaloni wasio na mwenyewe atawashika nani? Mgambo?

Bwana Mifugo Mstaafu
Wengi wanaozurura wana wenyewe, ukiuliza vizuri utaambiwa. Wachache waliobaki utawashika wewe. Wanakula dagaa wako kila siku, wanakujua kuliko mgambo.

Mwalo wa Kibirizi
Mzee, yule mweusi mwenye sikio moja simgusi. Wengine nitajaribu. Ila siku iwekwe ya mbalamwezi, siku za giza sina mkono.