Tupeane uzoefu: umehamia nchi nyingine na mwenza wako, nyumba ilianza lini kuwa yenu wote wawili?

BintiPasiansi
Habari za jumapili wadau. Mi mzaliwa wa hapa hapa Mwanza, mume wangu Mkenya, tulikutana Nakuru tukaishi huko mpaka mwaka huu tukaamua kuja huku, yaani mi narudi ye anahamia, na hapo ndo mziki ulipo. Tumepata nyumba Kiseke, vyumba viwili na sebule, iko ndani ya fensi, maji ya MWAUWASA yapo ila yana ratiba zake, kwa nyumba yenyewe sina malalamiko kabisa. Shida mwenzangu anaishi humu kama mgeni aliyekuja kwenye kipaimara. Anauliza kabla ya kufungua kabati. Dalali alikuwa anaongea na mimi, mama mwenye nyumba anapiga kwangu, fundi wa geti akija anamwambia "naomba niitie dada", umeme wa LUKU ukiisha ye anakaa gizani ananisubiri nirudi wakati simu anayo na hela anayo. Halafu ndugu zangu wanakujaga muda wowote, kaka yangu anaingia mpaka jikoni anafunua sufuria, kwetu ni kawaida lakini naonaga mwenzangu anainuka taratibu anahamia chumbani.

Sitaki ushauri wa kufunga na kuomba, hiyo tunafanya. Nataka waliohamia nchi ya mwenza, au mliohamia wote ugenini, mseme ni kitu gani hasa kilifanya nyumba ikawa ya wote. Vitu vya kweli jaman.

NyarKisumu
Pole dadangu. Mimi ni kinyume chako, nilitolewa Kisumu nikaletwa Nyegezi na bwana Msukuma. Kitu ya kwanza ilinishtua ni kodi. Kwetu unalipa deposit na mwezi mmoja unaingia, hapa mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkono na dalali amesimama hapo kando anangoja yake ya mwezi mmoja. Pesa ya viti ikaenda yote. Tulilala kwa godoro chini, sebule ilikuwa na viti mbili za plastiki na redio basi. Na nikwambie ukweli, huo wakati ndio nilikuwa na raha, sababu hakuna kitu ndani ya hiyo nyumba ilikuwa na mwenyewe kabla yetu.

Shida ilianza mama mkwe alipotoka Magu na gari imejaa. Kabati la vyombo, meza, mapazia, gunia ya michembe (viazi vitamu vya kukausha), na jiko lote akalipanga yeye. Mama ni mtu mzuri sana nampenda, lakini nilikuwa nauliza mtoto wa shemeji chumvi iko wapi, jikoni kwangu! Bwana hakugombana na mamake, hapana. Alingoja mama ameenda, akampigia mwenye nyumba simu nikiwa hapo akamwambia kuanzia leo mambo ya nyumba ongea na mke wangu, mimi usinitafute. Maji, gesi, fundi bomba, taka, zote zikawa zangu. Hakuniuliza kama naweza. Fundi wa kwanza alinizungusha vibaya, wa pili nikampata mwenyewe, huyo mpaka leo ananiita bosi. Kabati la mama liko, ila nililigeuza likaangalia upande ule mwingine. Na nikajua njia yangu ya kwenda Mwaloni Kirumba, kuna mama ananiwekeaga dagaa (ona, nimeshaanza kuweka "ga" kama nyinyi).

Mpe bwanako kitu asimamie yote, si kusaidia. Kusaidia ni kazi ya mgeni.

Mzee_wa_Igogo
Mwanaume kuhamia kwao mke ni mtihani mkubwa. Ajikaze tu atazoea.

BintiPasiansi
Mzee hiyo ajikaze ndo imemfanya haongei, anasema kila kitu sawa sawa sawa.

MgandaMabatini
Huyo mzee anayesema ajikaze hajawahi kuitwa shemeji na mtaa mzima. Mimi ni mwanaume, nimetoka Masaka nikamfuata mke Mwanza, watoto shemeji, muuza mkaa shemeji, mpaka mzee ambaye angekuwa baba yangu ananiita shemeji. Siyo matusi, ila unaelewa kwamba hapa unajulikana kupitia mtu mwingine.

Nyumba yetu iko juu kwenye mawe, nyie wa Mabatini mnajua, Kirikuu, kile kigari cha mizigo, inaishia barabarani. Sofa ilipandishwa mabegani na vijana wanne, wakipumzika kwenye kila jiwe wakinicheka nikishika kona moja bila msaada wowote. Hao vijana ndio wakawa watu wangu wa kwanza, mke alikuwa hawajui hata majina. Hiyo ndio nilipenda, kwamba kuna watu nawasalimia na yeye ananiuliza "huyo ni nani".

Ya pili, serikali ya mtaa. Mke alitaka tuende wote nikakataa, nikaenda peke yangu na pasipoti na kibali changu. Mwenyekiti akaniandika kwenye daftari lake, akaniuliza kazi nikamwambia kwanza nafuatilia kibali cha kazi, kwa sababu kukaa ni kibali kimoja na kufanya kazi ni kingine, msichanganye hayo mambo ndugu zangu. Tukaongea mpira mpaka mchana. Haikupita muda kukawa na msiba kwa jirani, nikabeba viti, nikafunga turubai, nikalala nje na wanaume wengine kwenye moto. Baada ya hapo michango ya harusi ikaanza kuingia kwenye simu yangu mimi, siyo ya mke. Nililalamika sana mdomoni kuhusu hela lakini ile meseji yenye jina langu sikuifuta.

Msukuma_Würzburg
Salamu kutoka Würzburg, Ujerumani, mji ndugu wa Mwanza toka 1966, ingawa huo undugu haukunisaidia chochote kupata nyumba 😂

Sie tulikuja wote wageni, mi na mke wangu, kwa hiyo hakuna wa kumwonyesha mwenzake swichi. Mnajua huku nyumba nyingi za kupanga hazina jiko? Na simaanishi plate za kupikia, namaanisha sinki hakuna, kabati hakuna, unakuta bomba limechomoza ukutani basi, aliyehama kang'oa vyote kaenda navyo. Na hapo ushaweka dhamana, inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Tuliosha vyombo bafuni mpaka mgongo ukagoma. Jumapili ndo tupo nyumbani wote na jumapili hiyo hiyo hutakiwi kutoboa ukuta, majirani wanataka kimya.

Ila ishu kubwa kwetu ilikuwa kengele ya mlangoni. Huku fleti kwa kawaida hazina namba, postamani anasoma majina, jina lako lisipokuwepo kwenye kisanduku barua inarudi ilikotoka. Mkataba nilisaini mimi, mwenye nyumba akabandika ubini wangu tu, na mke wangu anatumia ubini wa baba yake kama wengi wetu. Ofisini kwenye kuandikisha anuani tulienda wote, ile ni lazima ndani ya wiki mbili toka mhamie, kwa hiyo serikali inamjua, postamani hamjui. Barua zake zikawa zinapotea, mpaka za darasa la kijerumani. Alikuwa hasemi kitu, kumbe linamuuma. Siku moja narudi nakuta kabandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko langu, na ya kwake iko juu.

Sasa kuna ada ya redio na televisheni, 18.36 euro kwa mwezi, inalipwa kwa nyumba siyo kwa kichwa. Wakatutumia madai wote wawili, kila mtu ya kwake. Mke akakaa chini na kamusi akawaandikia kijerumani kwamba hawa watu wanaishi nyumba moja na mmoja analipa tayari, wakamwondoa. Toka hapo barua zote za nyumba hii anafungua yeye, mi nauliza tu tunadaiwa shingapi.

MamaBuswelu
Mmesahau karatasi. Mi siyo raia, mume Mtanzania. Tulinunua kiwanja Buswelu kwa hela za wote, lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo jina likaandikwa la mume peke yake. Nilikaa kimya mwezi mzima, saruji natoa mi, bati natoa mi, hati siimo. Wakili ndo akanitoa wasiwasi, kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, nyumba ya wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenzako kuridhia, na unaweza kuweka zuio. Risiti zangu zote ninazo kwenye faili. Simwamini kidogo, namwamini sana, faili lipo pale pale. BintiPasiansi kwa mumeo itakuwa vile vile mkifika kujenga, ongeeni mapema kabla ya tofali la kwanza.

BintiPasiansi
Hilo la ardhi hata sikuwa nimeliwaza asante mamaangu. Nimemsomea mwenzangu, amecheka mno hapo kwa shemeji wa mtaa mzima, kumbe na ye fundi geti anamwita hivyo. LUKU na mama mwenye nyumba nimemkabidhi leo, namba nimempa, na kwa mwenyekiti wa mtaa kasema ataenda mwenyewe. Kaka yangu na sufuria ndo bado.

NyarKisumu
Huyo kaka mpikie kwake umfunikie.

Kijana_Nyakato
Samahanini kutoka nje ya mada, hiyo nyumba ya Kiseke vyumba viwili kwenye fensi mnalipa shingapi kwa mwezi? Na dalali namba yake mnayo?