Unajuaje gesi imebaki kiasi gani mtungini? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Gesi ina tabia ya kukatika usiku, maharage hayajaiva na duka limeshafungwa. Wengine wanatingisha mtungi, wengine wanaangalia rangi ya moto. Ninyi mnajuaje? Leteni mliyoyajaribu wenyewe, ya kusimuliwa tunayo mengi.

Mama Chapati (Igoma)
Kutingisha niliacha zamani. Mtungi wa kilo 15 chuma chake tu mzigo, utasikia nini? Mimi namwagia maji ya moto, si ya kuchemka, yale ya kuogea. Namwaga upande mmoja toka juu hadi chini, nasubiri kidogo, kisha napitisha kiganja. Juu pana uvuguvugu, ukishuka unakuta ubaridi umeanza ghafla. Gesi iliyo kimiminika inaishia hapo. Naweka alama ya chaki, mabinti wangu wasibishane.

Dagaa Mkavu
Maji ni sawa, ila yanakupa makadirio. Mimi niko Mwaloni Kirumba, mizani hapa hatukosi, basi mtungi naupima kama ndoo ya dagaa. Angalieni shingoni mwa mtungi, pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Wangu wa kilo 6 umeandikwa 7.4, kwa hiyo ukijaa ni 13.4. Juzi ulisoma 9.2. Toa 7.4, gesi ni kilo 1.8. Hakuna ramli hapo.

Mama Chapati (Igoma)
Kaka yangu, unapima na lile jiko la juu?

Dagaa Mkavu
Hapana dada, nafungua kwanza. Ule uzito ni wa mtungi na valvu yake tu. Ukiacha jiko au regulata na mpira wake, utajiona una gesi ambayo huna. Na dukani mwambie muuzaji aupime mbele yako kabla hujabeba, hiyo ni haki yako.

Dereva wa Ndabaka
Nawapeleka wageni Serengeti kupitia geti la Ndabaka. Kuna mzee mmoja Mjerumani alikuja na gari lake lenye kitanda na jiko ndani. Ana mtungi wa kilo 11 wa kwao, na regulata yenye geji. Kila asubuhi anaitazama, mshale uko palepale, mzee ana amani. Tukiwa kambini ikakata chai haijachemka, na mshale ulikuwa umeanguka muda huohuo tu! Tukamalizia kwa mkaa. Kutafuta mtungi wa hapa kukawa kazi nyingine, koki zetu hazikubaliani na regulata yake.

Fundi Majiko (Buzuruga)
Dereva, geji yake haikuwa mbovu. Inapima mgandamizo, na mgandamizo haushuki maadamu kuna kimiminika ndani, hata kikombe kimoja. Kinachoubadilisha ni joto. Mtungi uliojaa na wenye robo, vikikaa chumba kimoja, geji inasoma karibu sawa. Ndiyo maana moto nao hausemi kitu mpaka dakika za mwisho. Ule wa njano mnaouogopa, mara nyingi ni jiko limeziba masizi au halipati hewa. Naletewa majiko hayo kila wiki, mtungi mzima kabisa.
Halafu msiulaze mtungi eti mkamue ya mwisho. Kimiminika kikiingia kwenye regulata ni hatari. Na mkishafungua na kufunga, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, pua haiwahi kuikuta.

Upepo wa Igombe
Sisi wa ziwani hatuhitaji maji wala mizani, hahaha. Jioni yenye unyevu ukipika makande muda mrefu kwa moto mkubwa, mtungi unatoka jasho wenyewe kuanzia kimiminika kilipo kushuka chini. Unasoma mstari tu. Kiangazi hausomeki, hapo nakwenda kwa njia ya Mama Chapati.

Mkazi wa Nyegezi
Asanteni. Nimechungulia wangu, maandishi ya shingoni yamefunikwa na rangi mpya. Nafanyaje?

Dagaa Mkavu
Kwangua taratibu kwa kucha au kijiti, usitumie msasa wa mashine. Yasiposomeka kabisa, urudishe dukani wakubadilishie. Mizani ndogo ya kuning'iniza ulizia mtaa wa Makoroboi hapa Mwanza, hakikisha inamudu uzito wa mtungi wako ukiwa umejaa.

Mama Chapati (Igoma)
Na mimi niletee moja, nitakurudishia hela.